Uzi: Nyota wetu walioondoka wachanga, na ile kanda ya kaka yangu

#1 BintiLanet

Wapendwa, nimekaa na jambo hili moyoni siku tatu, leo nalitoa.

Ijumaa tulikuwa tunapaka rangi nyumba ya wazazi hapa Lanet. Nyuma ya kabati tukakuta katoni ya kaka yangu mkubwa. Ndani mna kanda za kaseti kama thelathini, nyingi gamba limepasuka, vumbi tupu. Moja tu ilikuwa imefungwa vizuri kwa karatasi ya nailoni, na juu yake ameandika kwa kalamu: USIUZE.

Ni ya E-Sir, yule msanii wa rap.

Mwaka 2003 kaka alikuwa akiuza kanda kwenye meza ya mbao karibu na steji ya mabasi, Nakuru mjini. Alikuwa na redio kubwa ya betri nane, na aliyekuwa akitulisha wiki nyingi pale nyumbani, bila yeye kujua, ni huyo E-Sir, jina lake halisi Issah Mmari, kijana wa South C, Nairobi. Mnaokumbuka mnajua. Kiswahili chake kilikuwa cha mtaani, kile kile cha makanga na watoto wa shule, lakini vina vimepangika mpaka mzee aliyevaa koti anasimama kando ya meza kusikiliza na haoni haya. Baba yangu alikuwa hapendi muziki wa vijana. Huyo alimpenda.

Machi 16, 2003 ilikuwa Jumapili. E-Sir alikuja huku Nakuru kutumbuiza, na wakati wa kurudi Nairobi gari likapata ajali. Msanii mwenzake Nameless alikuwa kwenye gari hilo hilo, akapona. E-Sir alikuwa na miaka 21. Kaka yangu alikuwa na 22.

Jumatatu kaka alifungua meza saa moja asubuhi. Kufikia saa sita mchana hakuwa na kanda hata moja ya E-Sir. Watu walinunua bila kubishana bei, na anayejua Nakuru anajua hilo lina maana gani. Usiku akamwaga pesa kitandani, akazitazama, asizihesabu. Mama akamuuliza kulikoni. Akasema, "Mama, hizi ni pesa za matanga, na mwenye matanga hatapata hata shilingi." Kwa sababu kanda zile zilikuwa za kunakili, kama zilivyokuwa karibu zote mjini. Wiki iliyofuata akaacha kazi ile. Hakutueleza mengi zaidi ya hayo, na mimi nilikuwa darasa la saba, sikujua kuuliza.

Sasa nieleze kilichonifanya nianzishe uzi. Ukisoma habari za watu mashuhuri wa ng'ambo waliokufa wadogo, kifo chenyewe ni cha aina yake. Aaliyah, miaka 22, ndege iliyobebeshwa kupita kiasi inaanguka Bahamas mwaka 2001. Tupac, miaka 25, risasi Las Vegas. Wetu wanakufa vifo vyetu. Barabara usiku. Nimonia. Ugomvi ndani ya nyumba. Ni vifo vile vile vinavyomchukua dereva wa lori na mama muuza mboga. Umaarufu haukuwanunulia hata kifo tofauti, na nadhani ndiyo maana wanatuuma hivi: tunajua kabisa kilichowaua, tumekiona kikiwachukua wa kwetu.

Wewe nani bado anakuuma? Wa huku kwetu, Bonde la Ufa, Nyanza, Magharibi. Niambieni, na mniambie mlikuwa wapi mliposikia.

#2 FreeAreaMzalendo

Dada umenirudisha mbali sana. Mimi nilikuwa kondakta wa matatu za Nakuru–Naivasha wakati huo. Jumapili ile abiria hawakuongea. Dereva wangu alizima redio tulipofika Kikopey akasema hawezi kusikiliza na kushika usukani. Hatukuwa tukimjua E-Sir, hata kumwona kwa macho hatukuwahi. Lakini tulijua barabara.

#3 Omwana_wa_Mumias

Kuna ile wanayosema ya miaka 27, kwamba wanamuziki wakubwa hufa wakifika hapo. Jimi Hendrix, Janis Joplin, Kurt Cobain, Amy Winehouse, wote 27. Mimi naamini kuna kitu.

#4 Jarieko_Kondele

BintiLanet, amosi. Naandika kutoka Kisumu. Najua umesema wachanga, na wangu mmoja alikuwa amefika 42, utanisamehe. Kwa mwanamuziki wa benga 42 ni asubuhi.

Musa Juma. Mtu wa Siaya, Orchestra Limpopo. Alifia Mombasa Machi 15, 2011, nimonia. Tazama tarehe: siku moja kabla ya kumbukumbu ya E-Sir wako. Mimi ni mtu wa bodaboda na wakati ule ndio nilikuwa nimeanza. Wiki nzima kila baa ya Kondele ilikuwa ikipiga gitaa lile lile, ukitoka hii unaingia ile na wimbo haukatiki, kana kwamba mji mzima ni redio moja. Sauti yake haikuwa ya kupiga kelele. Aliimba mapenzi kama mtu anayekueleza shida yake kwenye kiti cha nyuma.

Lakini aliyenivunja ni Abenny Jachiga, Juni 2020. Wa hapa hapa Kisumu, jina lenyewe linasema anatoka Chiga. Alipiga ohangla, muziki wa ngoma wa Wajaluo. Naye nimonia. Alikuwa ndio kwanza amekolea, hakuna harusi iliyopita bila yeye.

Wasiojua Wajaluo niwaambie kitu. Kwetu mtu hazikwi tu. Analetwa nyumbani, analala kwake, watu wanakesha, ng'ombe wanakimbizwa kuifukuza mauti, na kama ni msanii, ngoma zake zinapigwa na wenzake mpaka alfajiri. Ndivyo anavyoagwa. Sasa ilikuwa wakati wa korona. Amri ilikuwa mazishi ya haraka, watu wachache, hakuna kukesha. Vijana wakasema Abenny hawezi kuzikwa hivyo. Mimi nilikuwa kwenye msafara na pikipiki yangu, nimebeba wawili. Vitoa machozi vikaanza. Nilisukuma pikipiki kwenye shamba la mahindi, kiatu kimoja kikabaki kwenye matope. Kijana mmoja mbele yangu alikuwa amekumbatia ngoma ya ohangla kifuani, anakimbia nayo, anailinda kama mtoto. Haikupigwa hata mara moja siku ile. Tulipotoka mahindini tukaambiwa ameshazikwa.

Siwalaumu walioogopa ugonjwa. Watu walikuwa wanakufa. Lakini mtu aliyezika wenzake kwa ngoma miaka yote, yeye akazikwa kwa moshi. Sijawahi kulimaliza hilo.

#5 BintiLanet

Jarieko, kaka yangu, nimesoma maneno yako mara mbili nikaweka simu chini. Musa Juma anakubalika kwenye uzi huu, hakuna wa kukuuliza umri.

#6 Jarieko_Kondele

Asante nyamin. Na kwa kuwa umetaja kunakili kanda: usimsahau Poxi Presha, wa Kisumu, aliyerap kwa Kijaluo wakati watu walidhani rap ni ya Kiingereza. Alipigana sana na wanaonakili kanda za wasanii. Akafa 2005. Kaka yako na Poxi wangeelewana.

#7 Kapkei_Iten

Chamgei wote. Nyinyi mna wanamuziki, sisi huku juu tuna wakimbiaji, na tumezika wengi mno.

Nianze na Kelvin Kiptum. Watu wa mbali wanajua namba: Chicago, Oktoba 8, 2023, saa 2 na sekunde 35, akaivunja rekodi ya Kipchoge ya Berlin kwa sekunde 34. Sisi tunajua njia aliyopita. Alikulia Chepsamo, anachunga mifugo, na mwanariadha kutoka Rwanda, Gervais Hakizimana, alikuwa akifanya mazoezi maeneo hayo. Mtoto akawa anawafuata kwa miguu mitupu. Anaacha ng'ombe, anakimbia nyuma yao. Baadaye Hakizimana akawa kocha wake. Alikimbia marathoni tatu tu maishani mwake, Valencia, London, Chicago. Akashinda zote tatu. Yaani mtu alikuwa bado anajifunza kazi!

Februari 6, 2024 shirikisho la riadha duniani likaidhinisha rekodi yake. Februari 11, Jumapili, kama saa tano usiku, gari alilokuwa akiendesha likatoka barabarani karibu na Kaptagat, likaingia mtaroni, likagonga mti. Yeye na kocha wake wakafa hapo hapo. Yule aliyemfuata miguu mitupu, walikwenda pamoja mpaka mwisho. Kiptum alikuwa na miaka 24, ana mke na watoto wawili. Aprili alikuwa aende Rotterdam, na wengi huku waliamini kule ndiko angeshuka chini ya saa mbili.

Nilikuwa nimelala. Ndugu yangu akanipigia saa saba usiku, nikadhani ni mambo ya ng'ombe. Asubuhi vikundi vya mazoezi vilitoka kama kawaida, saa kumi na mbili, kwenye ile barabara ya udongo mwekundu. Lakini walikuwa wakitembea. Miaka yote niliyoishi Iten sijaona wakimbiaji sitini wakitembea.

#8 Mkweli001

Tuwe wakweli. Kipchoge alishakimbia chini ya saa mbili Vienna 2019, kwa hiyo Kiptum hakuvunja chochote.

#9 Kapkei_Iten

Vienna ilikuwa 1:59:40, na tunaiheshimu sana. Lakini haikuwa mashindano. Kulikuwa na wasaidizi wa kuongoza kasi waliopokezana njiani na gari mbele, ndiyo maana haikuandikwa kuwa rekodi. Chicago ilikuwa mbio ya wazi. Ndugu yangu, leo si siku ya kupimana.

#10 Mkweli001

Sawa. Nimeelewa. Poleni.

#11 Wa_Thomson_Falls

Mimi natoka Nyahururu, ni jirani wa Nakuru kwa hiyo nahesabu nafasi yangu. Samuel Wanjiru. Alikwenda Japan akiwa mvulana wa shule, akasoma huko na kukimbia huko. Beijing 2008, joto la Agosti, watu wazima wanakimbia kwa tahadhari, yeye ana miaka 21 anaondoka mbele kana kwamba anaenda dukani kabla halijafungwa. 2:06:32. Mkenya wa kwanza kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki. Rekodi ile ya Olimpiki ilikaa miaka 16, mpaka Tamirat Tola wa Ethiopia alipoivunja Paris 2024 kwa sekunde sita tu.

Alikufa Mei 15, 2011, nyumbani kwake, kwa kuanguka kutoka roshani. Miaka 24. Kilichofuata ni uchunguzi, mabishano, kila mtu na lake. Sitasema mimi nani alifanya nini, familia imesemwa vya kutosha. Nitasema kitu kimoja nilichokiona. Alipokuwa na pesa, gari lake likisimama mjini halikukaa dakika mbili bila watu kulizunguka. Marafiki hao wote sikumwona hata mmoja aliyemwambia, Sammy, nenda nyumbani ulale.

#12 Chebet_R

Kapkei umesema Kiptum. Mimi ni mwanamke na ninakimbia, na nitamsema Agnes Tirop, maana kila mara wanaume wakihesabu waliokufa anatajwa mwishoni.

Miaka 19 akawa bingwa wa dunia wa mbio za nyika, China, 2015. Shaba ya mita 10,000 London 2017, shaba tena Doha 2019. Septemba 12, 2021 huko Ujerumani akaweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee, 30:01. Mwezi mmoja baadaye, Oktoba 13, akakutwa amekufa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake, Iten. Mumewe akashtakiwa kwa mauaji. Wakamzika Nandi tarehe 23 Oktoba. Hiyo ndiyo siku aliyokuwa akitimiza miaka 26. Mama yake alimzika mtoto siku ya kuzaliwa kwake.

BintiLanet ameandika "ugomvi ndani ya nyumba". Dada, nakuheshimu, lakini tafadhali tusiite ugomvi. Ugomvi una pande mbili. Huku msichana akianza kushinda, anatokea mwanamume. Anabeba chupa ya maji, anapima muda, anajiita kocha. Baada ya mwaka shamba linanunuliwa kwa pesa za miguu yake na hati ina jina la yule mwanamume. Siku anapouliza, ndipo hatari inapoanza. Najua wanne kwa majina, na wanaishi, ndiyo maana siwataji. Baada ya Agnes, wenzake wanariadha walianzisha Tirop's Angels, na msichana mwenye shida sasa ana pa kupiga simu. Mimi nilipiga. Nashukuru nipo hapa naandika.

#13 BintiLanet

Chebet, umenirekebisha na nimekubali. Ningeweza ningefuta lile neno pale juu. Naliacha ili wanaofika hapa chini waone ulichosema. Pole sana, na asante kwa kupiga ile simu.

#14 Kitale_Mahindi

Na Rebecca Cheptegei basi. Alikuwa Mganda lakini aliishi kwetu Trans Nzoia, upande wa Endebess. Agosti 11, 2024 alikimbia marathoni ya Olimpiki Paris. Septemba 1, Jumapili, ametoka kanisani na watoto, akamwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume waliyekuwa pamoja zamani. Kulikuwa na mzozo wa kiwanja alichonunua akajenga. Akafa Eldoret siku nne baadaye. Miaka 33. Yule mwanamume naye akafa kwa majeraha ya moto.

Chebet, ni hadithi yako ile ile. Shamba.

#15 Baba_Wawili_Webuye

Vijana, mimi nina miaka 61, niruhusuni. Kabla ya hao wote kulikuwa na Robert Wangila. Seoul 1988, dhahabu ya ndondi ya Olimpiki, na mpaka leo hakuna Mkenya mwingine aliyewahi kuipata. Tulisikiliza kwa redio, kijiji kizima uani kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu mwenyewe alirusha ngumi hewani akaangusha taa ya kandili. Julai 1994 akapigana Las Vegas, siku mbili baadaye akafa kutokana na ngumi alizopokea. Miaka 26. Redio ilisema kwa sentensi mbili kisha ikaenda kwenye bei ya mahindi. Nilikasirika sana na ile bei ya mahindi.

#16 Kapkei_Iten

Mzee heshima. Nami niongeze Nicholas Bett, aliyeshinda mita 400 kuruka viunzi Beijing 2015 kwa 47.79. Kabla yake hakuna Mkenya aliyewahi kuwa bingwa wa dunia katika mbio yoyote fupi kuliko mita 800. Agosti 2018 alirudi kutoka mashindano ya Afrika kule Asaba, Nigeria, na siku chache tu baada ya kushuka ndege gari likampindukia Nandi. Miaka 28. Ana pacha, Aron Koech, naye ni mkimbiaji wa viunzi. Huwa namwonea pacha huyo uchungu, kila akijitazama kwenye kioo.

#17 BintiLanet

Nimekaa nikahesabu. Omwana_wa_Mumias alisema 27. E-Sir 21. Kiptum 24. Wanjiru 24. Tirop alikuwa bado 25. Wangila 26. Bett 28. Wetu wameiruka hiyo 27, hakuna hata mmoja. Ndugu yangu wa Mumias, sioni siri ya namba hapa. Naona barabara ile ile, shamba lile lile.

#18 Omwana_wa_Mumias

Umenimaliza dada. Naondoa niliyosema. Nilikuwa napenda tu kuamini kuna sababu kubwa.

#19 FreeAreaMzalendo

Swali dogo. Kaka yako yuko wapi sasa? Na ile kanda inacheza?

#20 BintiLanet

Yupo, Mungu ni mwema. Anafanya kazi ya kuchomelea vyuma Eldoret. Nilimpigia jana nikamwambia tumeipata kanda. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akaniuliza, "Ina ile alama nyekundu pembeni?" Nikatazama, ipo, rangi ya kucha ya mama. Akasema hiyo ndiyo pekee aliyoinunua dukani kwa pesa yake, halali, ile wiki alipoacha kazi. Hakuwahi kuifungua.

Kwa hiyo sijui kama inacheza. Hatuna tena redio ya kaseti nyumbani.

#21 Jarieko_Kondele

Ninayo. Ya baba, National, bado inasaga vizuri, naipigia Limpopo kila Jumapili. Lakini msiiweke moja kwa moja nyamin. Kanda iliyokaa miaka 20 bila kuzungushwa hushikana, ukiipiga hivyo inakatika. Ingiza kalamu ya Bic kwenye jicho, izungushe polepole mpaka mwisho, kisha irudishe mpaka mwanzo. Ukisikia inakwama, acha, usiilazimishe.

Jumamosi nina mteja wa kupeleka Kericho, kutoka pale Nakuru si mbali. Mwambie kaka ateremke kutoka Eldoret. Nitaileta nimeifunga nyuma ya kiti.

#22 BintiLanet

Nimemwambia. Amesema atakuja, na anataka aizungushe mwenyewe.